Kucha za Mjane

Sauti ilitoka kwenye sufuria ya sombe, yale majani ya mihogo, kra, kra, kama mtu anayekwangua ukoko. Jikoni hapakuwa na mtu ila Anastasie. Akafunua kifuniko. Sombe ilikuwa pale pale, imetulia, ila ilinuka matope. Akaifunika haraka akajiambia ni masikio ya vita. Tangu mabomu yaanze kupiga Bunia, nani hasikii visivyokuwapo?

Hakutaka kufikiri zaidi, kwa sababu mawazo yangemfikisha kwa Fifi na kucha zake.

Fifi alikuwa mjane. Mume wake, Lionel, alifukiwa na shimo la dhahabu kule Bambu siku watu walipokuwa wakikimbia risasi, naye Fifi akaja Bunia kujihifadhi kwa kaka wa marehemu, Xavier, ambaye ndiye mume wa Anastasie. Katika ukoo wao mjane hakati kucha mpaka siku ya kumaliza matanga. Siku hiyo mwanamke mkubwa wa upande wa mume humkata kwa wembe mpya, huzifukia kucha, humwambia marehemu aende zake. Kabla ya hapo marehemu bado ameshika mkono wa mke wake. Baada ya hapo mjane yuko huru, na kaka wa marehemu anaweza kumrithi.

Vita ilikuwa imewatawanya wakubwa wote. Mwanamke mkubwa aliyebaki ni Anastasie. Alitakiwa yeye mwenyewe, kwa mkono wake, amfungulie mwenzake mlango wa chumba cha mume wake.

Jamani, nani angefanya hivyo kwa moyo mweupe? Kucha za Anastasie zilikuwa fupi, zimeliwa na jembe na maganda ya mihogo. Za Fifi zilikuwa ndefu, safi, na hazikumenya hata muhogo mmoja. Ila akimpa Xavier maji, ziligonga kikombe kwa mlio mdogo, na Xavier aliinua macho. Kila mlio ule ulimtia Anastasie wivu.

"Yaya, unikate," Fifi alimwomba, akimwita dada mkubwa. "Lionel iko anachoka kungojea."

"Wembe haiko," Anastasie alijibu. Wembe ulikuwa ndani ya mkebe wa unga, bado kwenye karatasi yake.

Juma lile Xavier alivua shati ili aoge, na Anastasie akaona mgongoni mistari minne mirefu, mibichi.

"Ni nini ile kwa mugongo yako?"

"Sijue. Niliamuka nayo."

Hakumwamini. Alimfuata Fifi uani, akamshika mkono kwa nguvu. "Ni weye ulimukwaruza bwana yangu?"

Fifi hakukasirika. Alianza kulia. "Yaya, uangalie muzuri ndani ya ile bidonda. Iko na udongo ya njano. Huku Bunia tunayo wapi? Ile ni ya shimo. Lionel iko anamuvuta kaka yake. Unikate leo, nakuomba."

Anastasie alirudi ndani, akautazama tena mgongo wa Xavier, akaiona ile njano. Aliiona na kuijua, na kwa muda mfupi mkono wake ulikwenda kwenye mkebe; kisha akamwona Xavier mlangoni akimtazama Fifi analia, akimtazama kwa huruma ambayo yeye mwenyewe hakuwa ameipata tangu vita ianze, na mkono ukarudi mahali pake.

"Nilikuambia wembe haiko."

Xavier akapanda lori la kwenda Mahagi kutafuta chumvi. Siku aliyotakiwa kurudi lori halikuonekana, na mchana ule, Anastasie akimenya mihogo, kisu kilianza kumteleza, akadhani ni utomvu, akajipangusa, akamenya tena, na tena kikateleza, mpaka akatazama vidole vyake na kuona kucha zimetoka, ndefu, safi, zikiendelea kusogea mbele taratibu huku harufu ya matope ikijaa jiko lote. Akaziuma kwa meno kama alivyozoea. Zikarudi kabla hajazitema zile za kwanza.

Hapo akajua Xavier yuko wapi, na kwamba sasa naye ni mjane.

Alikwenda kwa Fifi na wembe, akauweka juu ya kigoda katikati yao. "Leta mikono, nikukate. Na weye unikate. Tubaachilie babwana yetu baende bote."

Fifi aliutazama wembe, kisha kucha za Anastasie, kwa utulivu ambao hakuwa nao tangu alipofika. Akaficha mikono yake ndani ya kitenge.

"Lionel alishapata mwenzake, yaya. Haniite tena."

"Fifi, nakuomba."

"Wembe haiko."

Wembe uling'aa pale juu ya kigoda. Hakuna aliyeugusa. Jikoni sufuria ilianza kukwanguliwa, na safari hii walikuwa wawili.