Nusu ya Wembe

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Hapo ndipo watu kumi na wanne waliokuwa ndani ya boti ya Hamdani waliposikia ziwa lilivyokuwa likinguruma.

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa Kongo tangu adhuhuri. Boti ikageuka ubavu. Wimbi la kwanza liliwalowesha. La pili likaingia na kukaa miguuni mwao.

"Choteni maji! Chochote mlicho nacho, choteni!" Hamdani alipaza sauti, kisha akarudia kwa Kiha, na wakimbizi aliowabeba kutoka Burundi wakamwelewa kama mtu wa kwao. Sufuria zikaanza kufanya kazi. Mzee mmoja alichota kwa kofia yake.

Elinipa, nesi aliyehamishiwa Kigoma kutoka Same mwaka uliotangulia, alichota kwa kikombe cha bati huku mkono wa pili ukimshika Agnesi begani. Agnesi alikuwa na mimba iliyokwisha timia. Tangu asubuhi alikuwa akifumba macho kila baada ya muda na kuyafumbua bila kusema neno. Mama yake, Bibi Eufrasia, alimpangusa uso kwa ncha ya kitenge.

Hamdani aliinua mkia wa injini hadi propela ikatoka majini. Ilikuwa haionekani. Wavu wa nailoni uliokuwa ukielea ziwani ulikuwa umejizungusha humo, ukakaza kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye hasira.

"Kisu," alisema Hamdani, akinyoosha mkono nyuma bila kutazama. Kisha mkono ukashuka wenyewe. "Aa. Beseni."

Kila mtu alilikumbuka beseni.

Asubuhi ile kule Kagunga, askari wa zamu alikuwa ameweka beseni la plastiki mchangani, akaamuru kila mkimbizi atupe humo kitu chenye makali kabla ya kupanda boti. Vitu vingefuata kesho yake. Mzee mwenye kofia alikuwa na kisu kidogo cha kuchongea miiko. Alikishika kwa mikono miwili, akakiweka humo bila kuinua macho, kwa kuwa hakuwahi kudhaniwa muuaji maishani mwake. Elinipa aliiona ile aibu, ikamgusa moyoni. Akafungua kifuko alichokifunga kiunoni, akatoa wembe wake mpya ndani ya karatasi yake, akauweka kwenye beseni, kisha akamtazama mzee na kutabasamu.

"Na mimi natoa, baba. Sote tunasafiri sawa."

Hamdani alikuwa amecheka. "Nesi, leo duka lako limefilisika!" Lakini naye, kwa kuona haya, akatupa kisu chake cha kukatia kamba.

Kifuko kile watu wa Katubuka, mtaa wake wa Kigoma, walikijua. Elinipa alikishona mwenyewe kwa kipande cha khanga, na kila alfajiri alikipanga upya: uzi mweupe, kibiriti kilichofungwa ndani ya nailoni, kipande cha mshumaa, sindano, pini mbili za nepi, wembe. Majirani walimtania kwamba anahama kila siku. Yeye alikuwa na neno la mama yake: kitu kilichobaki nyumbani hakisafiri nawe. Kila kitu kilikuwa na mshono wake, na vidole vyake viliweza kukipata gizani.

Sasa vilikipata. Vilipofika kwenye mshono wa wembe, vikakuta kitambaa kimelegea.

"Kaka Hamdani, jaribu moto. Nailoni inayeyuka."

Njiti ya kwanza ilizimwa na upepo, ya pili na maji. Ya tatu iliunguza uzi mmoja tu kabla ya kufa. Elinipa alizihesabu zilizobaki: tano. Akakifunga kibiriti.

Upande wa nchi kavu milima ilikuwa imeingia ziwani moja kwa moja, bila ufuko. Miamba ilionekana, ikafunikwa na povu, ikaonekana tena. Kila wimbi liliwasogeza huko. Hamdani alikuwa akiuvuta wavu kwa meno.

"Umbali huu," alisema akihema, "pengine mawimbi thelathini. Baada ya hapo ni mawe."

Agnesi alitoa sauti kwa mara ya kwanza. "Yoo, mawe!" alilia, yaani mama yangu kwa lugha ya kwao. Chupa yake ya uzazi ilikuwa imepasuka.

Ndipo Elinipa akauona mkono wa Bibi Eufrasia. Ulikuwa umeshuka kwenye pindo la kitenge, ukashika pale, ukatulia. Haukuwa mkono wa mtu aliyeogopa. Ulikuwa unafanya kile ambacho mkono wa Elinipa hufanya kila alfajiri: kuhakikisha.

Alimsogelea. Hakutaka kumtia aibu mbele za watu.

"Bibi," alisema taratibu, "hicho ulichoshonea humo ni cha mtoto?"

Hamdani akatafsiri, sauti yake ikiwa ndogo. Bibi Eufrasia akaongea, na machozi yakamtoka bila uso kubadilika.

"Anasema nyumba ilipoanza kuungua alipata nafasi ya kuchukua kitu kimoja. Wenzake walichukua sufuria. Yeye alichukua wembe wa kumkatia mjukuu kitovu. Anasema askari asimpige, ameuficha kwa ajili hiyo tu. Na anasema ukikata wavu huu mchafu, kitovu cha mtoto kitakatwa kwa kitu gani?"

Elinipa alijua kwamba angeweza kuamuru, na kwamba wengine wote botini wangemuunga mkono. Hakuamuru. Aliushika mkono wa Agnesi, akachota maji, akangoja. Mawimbi mawili yalipita. Labda matatu.

Bibi Eufrasia akang'ata uzi wa pindo. Akatoa wembe ukiwa bado ndani ya karatasi, akaukunja kwa urefu kati ya vidole gumba viwili, kama wanavyofanya wakunga wa vijijini wembe unapokuwa mmoja na wazazi wawili. Ta! Karatasi ikachanika katikati. Nusu moja ilibaki imefunikwa vizuri, naye akaificha kifuani. Nusu ya pili akampa Hamdani.

"Taratibu," alimwambia. "Usiuvunje."

Hamdani alikata. Wembe ule mwembamba ulimkata naye, vidole vitatu, damu ikachuruzika juu ya nailoni ya kijani, lakini hakubadilisha mkono. Mzee mwenye kofia alimshika kiunoni asitupwe nje. Uzi baada ya uzi. Miamba ilikuwa karibu kiasi kwamba waliona konokono walioganda juu yake. Wembe ukamponyoka, ukazama. Nyuzi tatu za mwisho alizikata kwa kuzivuta, akipiga kelele.

Alishusha injini. Akavuta kamba: kimya. Akavuta tena: kikohozi. Mara ya tatu ikanguruma, na nyuma ya boti ikayakosa mawe kwa urefu wa kasia.

Hawakufika Kigoma siku ile. Waliingia kwenye hori dogo lenye kambi ya wavuvi wa dagaa. Wavuvi hawakuuliza ni akina nani. Walitandika turubai, wakatoa kuni zilizokuwa kavu, kisha wakageuza migongo kwa heshima. Njiti ya pili kati ya zile tano iliwasha moto. Nusu ya wembe ikachemshwa kwenye sufuria ya chai. Jua likiwa bado juu ya milima ya Kongo, mtoto wa kike alilia. Elinipa alifunga kitovu kwa uzi wake mweupe, Bibi Eufrasia akakikata.

Hamdani, vidole vikiwa vimefungwa kwa kipande cha khanga, alisikia kilio akajifanya anafuta injini.

Kesho yake mchana walifika Kigoma. Boti iliyofuata ilikuwa imeleta beseni, na lori la kambi ya wakimbizi lilikuwa linasubiri. Mzee alipata kisu chake, akakibusu. Elinipa alitafuta karatasi yake ndogo yenye wembe chini ya mapanga, akaipata, akamkimbilia Bibi Eufrasia aliyekuwa na mguu mmoja tayari juu ya lori.

"Chukua, bibi. Ni mzima."

Bibi Eufrasia aliupokea kwa mikono miwili. "Urakoze, mwananje." Ahsante, mwanangu. Akatazama barabara inayoondoka ziwani, akamtazama nesi na kile kifuko chake. Kisha akaukunja kati ya vidole gumba viwili.

Ta!

Akamrudishia nusu.