Vifuniko Vinne vya Amuge

Msimu mzima Edinah aliona kila kitu cha Amuge, isipokuwa maandishi ya chupa yake.

Wote wawili walikuwa wake wa Okwi, nje kidogo ya mji wa Malaba. Mashamba yao ya mahindi yalitenganishwa na ua wa manyara. Kila asubuhi Edinah alifagia uwanja, akachota maji, kisha akachungulia ng'ambo. Msimu uliopita shamba la Amuge halikuwa na gugu hata moja. La Edinah lilimezwa na nyasi. Na sasa Okwi alikuwa ametangaza, "Atakayevuna vizuri zaidi, nitampa shamba la bondeni."

Edinah alilitaka shamba hilo hata akakosa usingizi.

Walipomaliza kupanda, Amuge alitoka na bomba la kunyunyizia la mgongoni na chupa ya dawa ya kuzuia magugu. Edinah alijibanza nyuma ya manyara, punje za mahindi kiganjani. Kila Amuge alipomimina kifuniko kimoja, yeye alihamisha punje moja. Zikawa nne. Kumwuliza? Afadhali azimeze punje hizo zikiwa kavu!

Kesho yake alinunua sokoni dawa yenye chupa inayofanana na ile, akaweka vifuniko vinne kwa kiasi kilekile cha maji. Baada ya wiki tatu nyasi zilisimama kama zimepandwa.

"Ameniroga huyo," alimwambia Okwi.

Okwi alicheka. "Amuge aroge nyasi? Hana kazi nyingine?"

Kicheko hicho kilimchoma. Akaibeba chupa yake hadi kwa Hasifa, mwenye duka la dawa za mimea.

"Mama, uliweka vifuniko vingapi?" Hasifa aliuliza.

"Vinne. Kama yule."

"Yule nani?"

Edinah alitazama sakafu. "Mke mwenzangu, Amuge."

Hasifa alishusha jozi ya gambuti iliyoning'inia ukutani. "Haya, vaa hili la kulia kwa mguu wa kushoto."

"Wee! Si litanibana?"

"Mpira ni uleule. Urefu ni uleule."

"Lakini limepinda upande mwingine."

"Basi umeshaelewa, mama. Molekuli, yaani vipande vidogo kabisa vya dawa, nazo zina kulia na kushoto. Ndani ya gugu linalochipua kuna kimeng'enya, fundi mdogo anayetengeneza mafuta ya kukuzia chipukizi. Dawa humzuia fundi huyo, lakini ni molekuli za upande mmoja zinazomkaa sawasawa. Chupa yako ni ya aina ya zamani, pande zote zimechanganywa nusu kwa nusu. Ile ya Amuge aliinunua hapa. Kiwandani wanatumia kichocheo kinachotengeneza zaidi upande unaofaa. Kwa hiyo yake inatosha kwa vinne. Yako ilitaka sita. Soma hapa."

Edinah alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Kipimo kilikuwa kimeandikwa pale.

"Basi niongeze viwili leo?"

"Hapana! Magugu yakishaota, dawa hii haiyawezi. Sasa ni jembe. Na vifuniko vya chupa havilingani, mama. Chukua kikombe cha kupimia, na glavu."

Edinah alipalilia siku tano, mgongo ukimlilia. Siku ya tano Amuge alikuja na jembe lake, akaanza mstari wa pili bila kuitwa.

"Nilikuona siku ile," alisema. "Manyara hayafichi kitambaa chekundu cha kichwani."

"Na ukanyamaza?"

"Ulikuwa unahesabu kwa bidii, dada. Niliogopa kukupotezea hesabu."

Edinah alitaka kukasirika. Akajikuta anacheka.

Mavuno yalipofika, shamba la bondeni alipewa Amuge. Iliuma, na Edinah hakusema haikuuma.

Msimu uliofuata alisoma karatasi ya chupa kabla ya kuifungua, akapima kwa kikombe. Magugu yalikuwa machache, na alivuna magunia tisa alipozoea kuvuna manne. Sasa akitaka kujua Amuge anatumia nini, hupita mlangoni na kumwuliza.