Kome Wasiojifunga

Kila asubuhi kabla ya shule, Dolphine aliosha masufuria ufuoni mwa Ziwa Victoria, kisiwani Rusinga. Ukoko wa ugali aliukwangua kwa gamba la kome, yule mnyama wa majini mwenye magamba mawili, kama walivyofanya mama na nyanya yake. Siku moja akajiuliza mwenye gamba lile aliishije. Akavaa buti za mpira, maana vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa ziwani na kupenya ngozini, akaopoa kome wazima na konokono wachache. Aliwaweka katika beseni lenye mchanga na maji ya ziwa, akawachunguza kila jioni.

Mwalimu Fanuel alikuwa ametangaza kwamba mwanafunzi mmoja angeenda Homa Bay kwenye maonyesho ya sayansi. Dolphine aliitamani nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Ijumaa alimwomba rafiki yake Beverly, aliyeishi karibu na lango la shule, amtunzie beseni hadi Jumatatu. Hakuwa na wasiwasi. Walikuwa wamekula sahani moja tangu chekechea.

Jumatatu alipoingia darasani, alimkuta Beverly amesimama mbele, beseni mezani, akimweleza mwalimu kwamba wanyama wale aliwakusanya na kuwachunguza peke yake. Dolphine alimkazia macho, Beverly akatazama dari.

Mchanga ulikuwa umemwagwa. Maji yaling'aa. Mwalimu alisifu usafi, kisha akamgusa kome mmoja kwa kijiti. Magamba yake mawili yalibaki wazi. Akamgusa mwingine, na mwingine. Wote vilevile.

"Labda wameshiba," Cliff akasema kutoka nyuma, na darasa likacheka.

Mwalimu aliuliza kwa nini hawajifungi. Beverly akababaika, mwishowe akasema alitia dawa ya kutibu maji, ile ya kuzuia kipindupindu, ili beseni lipendeze.

Dolphine alisimama bila ruhusa. "Umewaua. Kome hana kichwa wala ulimi wa kukwangulia chakula kama konokono. Huvuta maji ndani, matamvua yakachuja chakula, kisha maji akayatoa. Mguu wake ni wa kuchimba mchanga, na mchanga umeumwaga. Konokono wamepanda ukingoni wakajifungia kwa vifuniko vyao. Kome wangu wangekimbilia wapi? Nilikuachia kwa sababu nilikuamini."

Beverly akalia, akakiri kwamba beseni halikuwa lake; alitaka kuiona Homa Bay. Mwalimu aliamua kuwa Dolphine ndiye atakayeenda, na akampa wiki nzima ya kutafuta kome wengine.

Beverly alinyoosha mkono kuomba radhi. Dolphine hakuupokea.

"Usimlazimishe," Mwalimu Fanuel alimwambia Beverly kwa upole. "Kome aliye hai akiumizwa hujifunga. Ukimbandua kwa kisu, unamuua. Mwekee maji mazuri, leo na kesho, usubiri. Imani ya rafiki huvunjwa kwa uongo mmoja, lakini hairudi kwa neno moja la samahani."

Jioni hiyo Beverly alikwenda ufuoni akiwa na buti za mpira na ndoo ya mchanga. Dolphine, aliyekuwa akitafuta kome, alisogea kidogo, akampa nafasi kando yake.