Taa Nyekundu Mpaka Kwenye Kona

Kila alfajiri mwokaji mikate aliamka kabla ya jogoo. Alivaa gizani, akabeba viatu mkononi, akanyata hadi mlangoni asimwamshe mkewe. Kazi bure! Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani, alikuwa macho kabisa. Alikoroma kidogo ili mumewe aridhike. Mlango ukifungwa tu, alikwenda kusimama dirishani.

Kutoka hapo aliiona taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli. Ilishuka barabarani, ikapita ghala, ikafika kwenye kona ambapo malori hupita kwa kasi. Ikishakata kona salama, roho yake ilitulia. Ndipo alipokaa kwenye cherehani na kuanza kushona.

Alfajiri moja taa ilizimika kabla ya kona. Mama Cherehani alikodoa macho. Giza tupu. Je, amekata kona? Ameanguka? Alishinda roho juu juu mpaka mumewe aliporudi mchana, ananukia mkate.

"Baba, taa yako ina nini?" aliuliza, kama anayeuliza jambo dogo.

"Betri zimechoka kidogo. Nimeshazitibu."

"Kwa dawa gani?"

"Joto! Nimeziweka juu ya tanuri. Unga ukigoma kuumuka, si naupeleka penye joto? Betri nazo ni vivyo hivyo."

Mwokaji aliliamini mno tanuri lake. Soksi mbichi, kiberiti kilicholoa, hata mafua yake mwenyewe, vyote alivipeleka huko. Kesho yake taa iliwaka kidogo, naye akatamba. Haikuchukua muda ikafifia tena. Akatoa betri moja, akaweka mpya moja kando ya ile kuukuu. Bado taa ilizimika njiani.

Kisha siku moja alirudi nyumbani akichechemea. Suruali ilikuwa imechanika goti.

"Dereva wa lori hakuniona," alisema kwa sauti ya chini. "Nimejitupa mtaroni. Lakini mimi mzima, mama. Nishonee tu hii suruali."

Mama Cherehani akachukua sindano na uzi. Alijaribu kutunga uzi, ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Mwanamke huyu angeweza kutunga uzi amefumba macho! Akaiweka suruali chini, machozi yakamlengalenga.

"Suruali naweza kuishona," alisema. "Wewe sitaweza kukushona. Kila alfajiri nasimama dirishani nikiitazama taa yako mpaka ikate kona. Taa hiyo ndiyo inayoniambia kwamba uko hai."

Mwokaji akaketi kando yake.

"Kumbe ile mikoromo yote ni ya uongo?"

"Ya uongo mtupu."

Mwokaji akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameloa. Akainuka na kuufungua mlango. "Twende kwa fundi."

Fundi wa redio alikuwa jirani yao wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mcheshi aliyejaa nyaya mpaka mifukoni. Alifungua taa, akatazama ndani, akaguna.

"Shemeji, hizi betri umezifanya nini?"

"Nimezipasha moto kidogo."

"Haya! Umezioka!" Fundi alicheka, kisha akawa makini. "Ona huu unga mweupe. Betri imevuja. Usiuguse kwa mkono mtupu. Joto huizeesha betri upesi, na linaweza hata kuipasua. Usiiweke kwenye tanuri, wala usiianike juani."

"Lakini nazichaji kila siku," mwokaji alijitetea. "Zinajaa kabisa."

"Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Betri ya kuchaji nayo huzeeka. Ukiona umeichaji ikajaa, lakini taa inafifia mapema, ujue imechakaa. Dawa yake ni kuibadilisha."

"Si niliweka mpya moja?"

"Umemfunga ndama na ng'ombe mzee kwenye jembe moja. Betri kuukuu itaichosha mpya. Badilisha zote pamoja. Ziwe za aina moja, ukubwa mmoja, na ziwe zimeandikwa kwamba ni za kuchaji. Betri za kawaida usizitie kwenye chaja kamwe. Zinaweza kuvuja au kupasuka."

Fundi akavaa glavu. Alifuta ule unga kwa kitambaa chenye tone la siki, kisha akakausha vizuri. Akachukua betri mpya zilizokwisha kuchajiwa, akampa Mama Cherehani.

"Weka wewe, dada. Tazama alama. Jumlisha kwa jumlisha, kutoa kwa kutoa."

Mama Cherehani akaziweka. Akabonyeza. Taa ikawaka nyekundu, ikamulika vidole vyake.

"Na hizi za zamani nizichome?" mwokaji aliuliza.

"Wewe na moto wako, shemeji! Zitakulipukia. Wala usizitupe kwenye taka, zina sumu inayoingia ardhini. Nitabandika utepe kwenye ncha zake na kuziweka kwenye chombo kikavu. Likija gari la kukusanya betri kuukuu, nitawapa."

Alfajiri iliyofuata mwokaji alivaa gizani. Kwa mazoea, akabeba viatu mkononi.

"Vaa viatu vyako, baba watu," mkewe alisema kitandani. "Leo sikoromi."

Alimsindikiza mpaka mlangoni, kisha akaenda dirishani. Taa ilishuka barabarani, imekolea wekundu. Ikapita ghala. Ikafika kwenye kona, ikasimama.

Moyo wa Mama Cherehani ukalipuka. Taa ilizimika. Ikawaka. Ikazimika tena, ikawaka tena. Ndipo alipoelewa. Mumewe alikuwa ameshuka, anaiziba taa kwa kiganja na kuiachia. Alikuwa anamwambia kwamba amefika.

Alimpungia mkono, ingawa alijua haonekani. Taa ikakata kona.

Mama Cherehani akakaa kwenye cherehani. Suruali iliyochanika ilikuwa bado inamngoja. Akachukua sindano, akalamba ncha ya uzi, nao ukapita mara moja.