Ndama Mlangoni kwa Raheli

Ndama alikutwa Jumanne asubuhi, Februari 1998, nje ya mlango wa banda la Raheli Shemhilu, juu kidogo ya barabara inayotoka Soni kwenda Lushoto. Aliyemkuta ni Tobia, mtu wa Mtae, aliyekuwa akimkatia Raheli majani ya ng'ombe na kumsaidia kukamua. Ndama alikuwa mfu na hajatimiza miezi, manyoya yake machache, damu imemkaukia puani. Tobia hakufikiri mara mbili. Alimbeba kwa mikono mitupu, akamtia kwenye gunia, akalifunga kamba, ndipo akaenda kugonga dirisha la tajiri wake.

"Mama, nadhani ng'ombe wetu ametupa mimba."

Mwaka mwingine majirani wangekuja kutoa pole na habari ingeishia hapo. Mwaka ule haikuwezekana. Mvua za El Nino zilikuwa zimeumega mlima tangu Oktoba, na nyuma ya mvua ikafuata habari ya homa ya bonde la ufa. Redio ilisema ni virusi. Kwamba ng'ombe wanatupa mimba, na mtu akigusa damu yao anaweza kufa naye. Soni ikanywea. Amiri alifunga bucha lake. Makondakta wa magari ya Mombo wakakataa kupakia madumu ya maziwa. Hotelini watu wazima waliozoea chai ya maziwa wakageukia chai ya rangi, tena wakiichungulia kwanza. Kilichokuwa bado hai ni kituo cha maziwa cha kikundi cha wafugaji, kilichopeleka maziwa Tanga kila asubuhi kwa gari lake, na mwenyekiti wa kikundi alikuwa huyo huyo Raheli.

Koplo Saumu alipofika kutoka kituo cha polisi, alikuta uwanja umejaa watu, wengine na mapanga. Walitaka ng'ombe wote watatu wauawe na kuchomwa. Raheli alisimama mbele ya banda, amejifunga kanga kiunoni, hana rangi usoni.

Saumu alimfahamu tangu darasa la kwanza. Walikaa dawati moja. Mtihani wa la saba Saumu ndiye aliyefaulu, akasoma, akaajiriwa polisi. Raheli akabaki na jembe. Leo Raheli alikuwa na nyumba ya matofali yenye vioo, na Saumu alipanga chumba nyuma ya stendi, akiwa koplo mwaka wa tisa. Alipoona umati umemzunguka mwenzake, kitu kidogo kitamu kilimpita moyoni. Acha naye aonje. Alijisikia vibaya mara hiyo hiyo, lakini kilikuwa kimeshapita.

Aliwasukuma watu nyuma, akawaweka mgambo wawili njiani, akarudi.

"Tangu lini ng'ombe wako anaumwa?"

"Hawaumwi, Saumu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtuma mtu aje akuite."

"Niite afande. Ulikuwa unaficha ili kituo cha maziwa kisifungwe?"

Raheli alimtazama kama mtu aliyepigwa na ndugu yake. "Ingia ukaone, afande."

Saumu aliingia. Mlango wa banda ulikuwa wa mbao, na komeo lake lilikuwa kwa nje. Tobia alisema alilikuta limefungwa kama alivyoliacha jana yake jioni. Sakafu ilikuwa na kinyesi na mabaki ya majani, lakini hapakuwa na damu wala kondo la nyuma. Saumu alisimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia. Ng'ombe hawezi kutoka akazae nje, arudi ndani, kisha ajifungie komeo kwa nje.

Bwana mifugo, Alphonce, Mhaya aliyekaa milimani miaka mingi, alifika kwa pikipiki. Alivaa glavu ndefu, akamfungua ndama kwenye gunia nyuma ya banda, mbali na macho ya watu, Saumu peke yake akitazama, akachukua damu ya kupeleka Dar es Salaam kupimwa, akalifunga tena gunia. Kisha akampima ng'ombe pekee wa Raheli aliyekuwa na mimba.

"Mimba ipo," alisema, mkono bado ndani. "Ndama ananisukuma. Yule wa kwenye gunia hakutoka hapa."

Umati haukutaka kusikia. Mzee mmoja akasema, "Bwana mifugo anakunywa chai hapa kila siku. Mlitegemea aseme nini?" Kabla ya saa sita amri ilikuwa imetoka wilayani: kituo kifungwe, maziwa yasitoke Soni, hadi majibu yarudi. Jioni ile akina mama walimwaga maziwa kwenye mtaro, na ukingo wote wa barabara ukanuka mtindi.

Kati ya waliopanda kumpa pole Raheli, wa kwanza alikuwa Mwanahawa, mke wa Mbaraka, wa upande wa pili wa korongo. Yeye na Raheli walipewa mitamba, ng'ombe majike wachanga, siku moja na mradi mmoja. Mwanahawa hakusogea karibu na gunia. Alikaa kwenye ngazi, akamshika Raheli bega.

"Usilie, mwenzangu. Ndama dume si hasara kubwa. Ungelia kama angekuwa jike."

"Si wangu, Mwanahawa."

"Mimi najua," alisema Mwanahawa. "Tatizo ni watu."

Saumu aliyasikia maneno hayo huku akiandika maelezo ya Tobia, wala hayakumgusa.

Alianza na Amiri mwenye bucha, kwa sababu wiki iliyopita alikuwa amesema stendi, mbele za watu, kwamba siku ya wauza maziwa inakuja.

"Nilisema," Amiri alikubali, amekaa mbele ya bucha tupu. "Sisi tumefunga, wao walikuwa wanaendelea. Niliona wivu, afande. Nani asingeona?"

"Na mtu wa bucha hakosi ndama wa tumboni."

"Sijachinja tangu Idi. Muulize bwana mifugo, ndiye anayepiga mhuri nyama."

Alphonce alikubali, akaongeza jambo jingine. "Yule ndama hakutolewa kwenye ng'ombe aliyechinjwa. Kitovu chake kilikatika chenyewe, hakina alama ya kisu. Alizaliwa, tena kwa kuvutwa. Miguu ya mbele ilikuwa imechubuka. Kuna mtu alimsaidia ng'ombe wake."

Wa pili alikuwa Hezekia mwenye duka. Tangu amri itoke, maziwa yake ya unga, ya makopo kutoka nje, yaligombewa, na alikuwa amepandisha bei mara mbili.

"Soko ni huria, afande," alisema Hezekia. "Kupandisha bei si kosa."

"Kutupa mzoga kwa mtu ni kosa. Pikapu yako ilikuwa wapi usiku wa kuamkia Jumanne?"

"Mombo. Maporomoko yalifunga barabara, nikalala kwenye usukani."

Saumu aliwauliza wenzake wa Mombo kwa redio ya kituo. Pikapu ya Hezekia ilikuwa imesimama kizuizini hadi Jumanne mchana, na yeye ndani yake. Saumu alibaki hana mtu.

Ijumaa Tobia alianguka kwenye shamba la majani. Mwili ulimchemka na macho yakamuuma, hakuweza kutazama mwanga. Raheli alikodi gari akampeleka hospitali Lushoto, na Saumu akawafuata. Daktari alitoka wodini akivua barakoa.

"Ugonjwa huu unawashika sana wanaogusa damu. Nani mwingine alimshika yule ndama kwa mikono mitupu?"

"Hakuna," Saumu alijibu. "Bwana mifugo alivaa glavu. Ni Tobia peke yake."

Alikuwa ameshafika mlango wa nje aliposimama. Si kweli kwamba ni Tobia peke yake. Ndama hakujileta. Mtu aliyemvuta na kumbeba hadi kwa Raheli alimshika zaidi ya Tobia, tena akiwa na damu mbichi. Hakukuwa na haja ya kutafuta aliyemchukia Raheli. Kilichotakiwa ni kumtafuta mgonjwa.

Aliteremka Soni moja kwa moja hadi zahanati. Muuguzi wa zamu, Mama Wema, alicheka kwa uchovu. "Afande, msimu huu nani hana homa?"

"Homa yenye kuumiza macho. Mtu asiyetaka mwanga."

Mama Wema aliacha kucheka. "Jana Mbaraka alikuja kuchukua dawa za malaria za mkewe. Alisema mama analala na kanga usoni, madirisha yamefungwa. Nilimwambia amlete, akasema amekataa."

Saumu alishika ukingo wa meza. Ndama dume si hasara kubwa. Kweli alikuwa dume, lakini Mwanahawa alipofika uwanjani gunia lilikuwa limefungwa. Waliomwona ndama walikuwa Tobia, Alphonce, na yeye Saumu tu. Hata Raheli hakutaka kutazama.

Alimpitia Alphonce wakavuka korongo pamoja. Mbaraka aliwakaribisha kwa heshima. Alikuwa mfanyabiashara wa mboga, na siku zile kabichi zake pia hazikupata mnunuzi, kwa kuwa mjini walisikia Soni wakadhani kila kitu cha Soni kina ugonjwa.

"Bwana Mbaraka," alisema Saumu, "ng'ombe wako anaendeleaje?"

"Salama. Ana miezi sita ya mimba. Atazaa baada ya Pasaka, Mungu akipenda."

"Bwana mifugo anaomba ampime."

"Ampime tu."

Saumu aliingia chumbani. Kulikuwa na giza na joto la mwili wa mgonjwa. Mwanahawa alikuwa amegeukia ukutani.

"Pole, dada."

"Nishapoa. Malaria tu."

"Jumanne ulimwambia Raheli kwamba ndama ni dume. Nani alikwambia?"

"Nilisikia kwa watu."

"Watu waliona gunia."

Nje mlango wa banda ulilia, hatua zikaja, na Alphonce akasimama kizingitini akivua glavu, Mbaraka nyuma yake.

"Tumboni hamna kitu," alisema Alphonce. "Ametupa siku chache zilizopita."

"Haiwezekani," alisema Mbaraka. "Mke wangu angeniambia."

"Hakukwambia," alisema Saumu, "kwa sababu alimvuta ndama kwa mikono yake, akambeba hadi kwa Raheli. Na sasa anaumwa kilichomwangusha Tobia."

Mwanahawa aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Tobia ana nini?"

"Yuko hospitali. Ndiye aliyemtia ndama kwenye gunia."

Alijaribu kuketi, akashindwa. Alipoanza kusema hakumtazama Saumu wala bwana mifugo. Alisema na mumewe.

"Ulikuwa Dar na kabichi. Ng'ombe akaanza kutupa jioni, nikamvuta peke yangu. Nikamfunika ndama kwa majani kwenye tenga, nikakaa naye pale chini nikifikiri utakavyosema ukirudi. Nilijua utakavyosema. Mwenzako Raheli hajapoteza ndama hata mmoja. Mwenzako Raheli amejenga. Mwenzako Raheli kachaguliwa. Tulipewa ng'ombe siku moja, Mbaraka. Nikila, Raheli. Nikilala, Raheli. Nikasema basi, na iwe kwake. Mara moja tu watu wamwogope yeye."

"Mimi nilikuwa nakutia moyo," alisema Mbaraka. "Kwani nilikuwa nasema kila siku?"

"Kila siku."

Saumu alikuwa na maswali mengine ya kuuliza, ya njia aliyopita na saa aliyovuka korongo. Hakuyauliza papo hapo. Alijua ladha ya kile alichokisikia. Mwenyewe alikionja uwanjani Jumanne asubuhi, tena kwa Raheli huyo huyo. Alimwambia Mbaraka atafute gari.

"Anakwenda jela?" aliuliza Mbaraka.

"Anakwenda hospitali. Mengine baadaye."

Tobia alifariki Jumapili. Walimzika Mtae, na Raheli ndiye aliyegharamia sanda na gari, ingawa wengi wa Soni waliogopa kupanda gari hilo. Majibu ya Dar yalithibitisha ugonjwa kwenye damu ya ndama. Ng'ombe wa Mbaraka aliuawa na kuzikwa kwa chokaa, mifugo iliyobaki ikachanjwa, na karibu na Pasaka kituo kikafunguliwa. Watu waliosimama na mapanga walipanga foleni na madumu yao, wakamwamkia Raheli kama vile hakuna kilichotokea.

Mwanahawa alipona homa, ila jicho la kushoto halikuona tena. Siku moja kabla ya Mwanahawa kutolewa hospitali na kupelekwa mahakamani, Saumu alikwenda wodini kumsomea shitaka. Alimsomea polepole, pamoja na jina la Tobia. Mwanahawa alisikiliza hadi mwisho, akasema hatakana.

Saumu alipokuwa akikunja karatasi, mgonjwa alimwita.

"Afande. Mbaraka anakuja kuniletea uji kila jioni."

"Najua. Namwona getini."

"Huko nje, kwa watu, bado anamtaja Raheli?"

Saumu alifikiri. Alikuwa amekaa na Mbaraka mara nyingi wiki hizo, akimwandikia maelezo na kumsikiliza.

"Hamtaji," alisema. "Sijamsikia hata mara moja."

Mwanahawa alifumba jicho lake zima. Kwa kitambo uso wake ulilegea, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha akaanza kulia, na Saumu hakuondoka hadi alipomaliza.