Picha ya Evarist Juu ya Ratiba

Jumanne ile ya likizo ya Juni, kaka yangu Evarist alikunywa chai, akapangusa kioo cha pikipiki yake, akaondoka kwenda Mikumi kutengeneza kompyuta ya nyumba moja ya wageni. Saa nane mchana watu wawili walikuja wakamwita baba nje. Lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, na Evarist hakuliona mapema. Mimi nilikuwa nafua sare za shule. Niliendelea kufua mpaka povu lote likaisha, kwa sababu hakuna aliyeniambia niache.

Tulimzika Alhamisi. Kwetu, picha ya marehemu hutangulia mbele ya jeneza, na mimi ndiye niliyeibeba. Ilikuwa picha ya mahafali yake ya chuo, amevaa kofia na joho. Nilitembea nikitazama mbele. Sikulia. Watu walisema, "Debora ana moyo mgumu." Siku zile sikusikia kama nina moyo wa aina yoyote.

Evarist alikuwa akifanya kazi kwenye stesheneri ya Dada Imani, karibu na soko la Kilosa. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ukurasa wa tovuti alioitengenezea zahanati. Ulikuwa na kitu kimoja tu: ratiba ya siku ambazo wauguzi huenda vijijini kupima watoto na kuwachanja. Zamani ratiba ilibandikwa mlangoni pa zahanati, na mama wa mbali alijua kwamba tarehe imebadilika baada ya kutembea bure.

Kila Jumamosi alinifundisha. Nilijua kuandika msimbo wa kichwa cha habari, kubadilisha rangi na kupanga jedwali. Niliwahi kumwambia kwamba ukurasa wake hauna urembo wowote, maandishi meusi juu ya weupe kama tangazo la msiba. Alicheka. "Ukurasa si kitenge, Debo. Hauvaliwi."

Baada ya maziko, Dada Imani alinipa nywila ya ukurasa. Mwishoni mwa Juni, Dokta Melkizedek alileta ratiba ya Julai. Yeye ni muuguzi, lakini kila mtu humwita dokta. Kliniki ya kijiji cha Munisagara ilikuwa imehamishwa kutoka Jumatano kwenda Jumatatu. Niliandika tarehe zote bila kukosea. Kisha, juu ya ratiba, nikaweka picha ya Evarist. Niliiweka itangulie, kama nilivyoibeba.

Picha ilikuwa nzito, megabaiti saba. Evarist alishanionya kwamba kila picha hupunguzwa kabla ya kuwekwa. Nilijaribu kuipunguza, macho yake yakawa na ukungu. Nikairudisha ilivyokuwa. Kwenye kompyuta ya dukani, yenye mtandao wa kasi, ilifunguka mara moja. Sikujaribu kwenye simu yoyote.

Jumatano moja ya Julai nilipotoka shule nilimkuta Dokta Melkizedek dukani, pamoja na mama mnyenyekevu wa sura aliyebeba mtoto mgongoni. Aliitwa Mama Perpetua, na alikuwa anatoka kitongoji kilicho mbali na Munisagara. Niliwaamkia, wakaitikia bila kunitazama. Asubuhi ile Mama Perpetua alikuwa ametembea saa mbili hadi Munisagara, hakukuta muuguzi, ndipo akaja Kilosa. Wenzake sita walirudi nyumbani.

"Tarehe zako ni kinyonga, Dokta," alisema. "Halafu mnatuambia zipo kwenye simu."

Dokta alisema yeye alikwenda Jumatatu, akakaa mpaka mchana, akarudi na chanjo zake. Sasa mwenyekiti wa kijiji alikuwa amemshtaki kwa mkuu wa zahanati kwamba anaficha ratiba. Jioni ile alitakiwa ajieleze. Alimwomba Dada Imani amthibitishie kwamba karatasi aliileta kwa wakati.

Dada Imani akaniuliza. Nilisema tarehe niliziandika, labda mtandao wa kule unasumbua. Hayo yalikuwa kweli, na bado nilijua kwamba ninadanganya. Nikisema yote, picha itaondolewa.

Mama Perpetua alitoa simu yake, ndogo, kioo kimepasuka pembeni. Aliufungua ukurasa, tukasubiri. Kaka yangu alianza kuja kidogo kidogo kutoka juu: kofia, paji la uso. Akasimama hapo.

"Ni hivyo kila siku," alisema. "Namwona huyu kijana wa kofia, bando linaisha. Sijawahi hata kufika kwenye macho yake."

Dada Imani alinitazama. Dokta alikuwa anakunja karatasi yake ili aondoke.

"Dokta hana kosa," nikasema. "Ni mimi. Nilijua picha ni nzito. Kaka aliniambia zipunguzwe. Sikutaka kumpunguza."

Mama Perpetua aliuliza huyo kijana ni nani wangu. Nikamwambia. Alinipa pole, akamweka mtoto vizuri mgongoni, kisha akasema kwa sauti ileile, "Na huyu wangu bado hajachanjwa, mwanangu."

Dada Imani hakunigombeza. Alivuta kiti, akaniambia nikae. Tulipandisha ratiba juu kabisa. Picha tuliipunguza mpaka kilobaiti arobaini, tukaishusha chini ya tarehe zote, tukaandika msimbo wa kuifanya isubiri mpaka msomaji aifikie. Iwapo haitafunguka, mahali pake patasomeka: Evarist, aliyetengeneza ukurasa huu. Kisha Dada Imani akamrushia Mama Perpetua bando dogo. Ratiba ilitokea kabla hajamaliza kuuliza kama tayari.

Dokta alimchanja mtoto zahanatini jioni hiyohiyo. Nilikwenda naye kwa mkuu wake, nikaeleza mwenyewe. Mkuu alisikiliza, akaandika barua fupi kwa mwenyekiti, na kliniki nyingine ikapangwa Munisagara Ijumaa. Wale akina mama sita walikuja wote.

Jioni ile ya Jumatano, tulipokuwa tunafunga duka, Dada Imani alizungumza nami.

"Debora, njiani kwenda makaburini picha hutangulia, maana tumekuja kwa ajili ya marehemu. Kwenye ukurasa hutangulia kile kilichomleta msomaji. Hukukosea kumpenda kaka yako. Ulikosea kuujaribu ukurasa mahali panapokufaa wewe, na ukakosea zaidi uliponyamaza wakati mwingine analaumiwa. Kazi ya mikono yako ikimdhuru mtu, sema mapema. Kuficha hakumheshimu aliyekufundisha."

Nilimwambia nimeelewa.

Sasa kila mwisho wa mwezi napitia dukani kutoka shule na kuandika tarehe mpya. Nikimaliza, naazima simu ndogo kuliko zote iliyopo dukani siku hiyo, nautazama ukurasa humo, ndipo naenda nyumbani.