Fartun na Betri ya Redio

Kila asubuhi, tangu mvua ya mwaka wa 1997 ianze kupiga bila huruma, Fartun alikwenda ofisini kwa mjomba wake Siyad kumwaga beseni. Paa la ofisi hiyo ya mifugo lilivuja, na beseni likijaa, maji yangefika kwenye meza ya mashine. Fartun alikuwa na miaka kumi na miwili. Shule yake pale Balambala ilikuwa imefungwa. Madarasani walilala watu waliokimbia mafuriko ya mto Tana. Barabara ya kwenda Garissa ilikuwa imegeuka ziwa.

Mezani palikuwa na redio ya kuzungumza na Garissa, na kompyuta. Zote mbili zilikula umeme wa betri moja kubwa iliyokaa chini ya meza, na betri ililishwa na sola.

"Jua limetuhama, abti," Siyad alimwambia. Kwao Wasomali, mjomba na mpwa huitana abti. "Betri hii nimeijaza kwa jenereta, na sasa petroli imeisha. Ni ya redio peke yake. Kompyuta usiiguse."

"Sitaigusa, abti."

Lakini ndani ya kompyuta mlikuwa na mchezo wa vita ulioachwa na daktari wa ng'ombe aliyehama. Kioo kizima kilikuwa bahari. Alama za buluu zilikuwa meli zako, nyekundu za adui. Uliamuru ndege zipae kutoka mgongoni mwa meli kubwa, ukarusha makombora, ukangoja. Fartun, ambaye hakuwahi kuiona bahari, alizipa manowari zake majina ya ngamia wa babu. Na aliijua siri ya mchezo: ukiwasha rada unamwona adui, lakini adui naye anakuona. Ukiizima ukanyamaza, unapita salama.

Jumatano Siyad alishinda nje, akizunguka matopeni kuandika nyumba zilizobomoka. Fartun alimwaga beseni, akatazama kompyuta. "Kidogo tu," alijiambia. Kidogo ikawa muda wa saa tatu. Kisanduku cha umeme kilipoanza kulia piii, piii, kuonya kwamba betri inaisha, alizima haraka na kufuta alama za vidole vyake.

Alhamisi alfajiri mdogo wake Nuh, mwenye miaka minne, alianza kuhara na kutapika. Kufikia saa sita macho yake yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama.

"Nimebaki na chupa moja ya dripu," alisema Naimo, muuguzi wa zahanati. "Siyad, ita helikopta ya misaada ilete nyingine. Giza likiingia hairuki. Na huyu hafiki kesho."

Mama yao, Hawo, hakulia. Alikaa tu sakafuni akiushika mguu wa mtoto, kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya.

Siyad alikimbia ofisini, Fartun nyuma yake. Taa ya redio iliwaka. Alipobonyeza kitufe aseme, ikazima. Akajaribu tena. Ikazima.

Yarow, fundi wa redio, akaitwa. "Betri?" aliuliza kwanza.

"Nimeijaza juzi."

"Hakuna aliyeitumia?"

Siyad akamgeukia mpwa wake. "Jana ulikuwa hapa wewe. Kuna mtu aliyegusa umeme?"

Fartun aliikumbuka siri ya mchezo. Nyamaza, upite salama. "Hapana, abti."

"Wallahi, betri ni nzima," Siyad akamwambia fundi.

"Basi redio yenyewe imekunywa maji kuliko ngamia," alisema Yarow. Akaifungua. Akapuliza, akasugua, akakausha. Saa nane ikapita. Mtoto wa jirani akaja mbio: chupa imefika nusu. Yarow akatia chuma cha kuchomelea kwenye makaa, kikawa chekundu.

"Kidude hiki ndicho ninachokishuku. Lakini sikufichi, Siyad. Nikikitoa, kukirudisha ni bahati."

"Kitoe. Tuna njia gani nyingine?"

Chuma kiliikaribia redio. Fartun aliona chuma, lakini pia aliona macho ya Nuh.

"Usikitoe!" Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Redio ni nzima. Mimi nilicheza kompyuta jana. Nimeimaliza betri. Nilisema uongo."

Yarow akakirudisha chuma kwenye makaa. "Naa, msichana wewe! Nimepasua tumbo la mzima, kumbe mgonjwa yuko chini ya meza!"

Siyad hakumtazama Fartun. "Lori la Alio," alisema, akatoka mbio.

Lori hilo lilikuwa limekwama nyuma ya soko siku tisa. "Chukueni betri," alisema Alio, "lori lenyewe haliendi hata chooni." Wakaibeba wanaume wawili, tope hadi magotini. Yarow aliifunga tena redio huku jasho likimdondoka puani.

"Garissa, Garissa, hapa Balambala."

Kimya.

"Garissa, Garissa! Mtoto anakufa huku!"

"Balambala, tunakusikia. Sema."

Naimo alipunguza dripu ikawa inadondoka tone, tone. Chupa ilipokaribia shingo, helikopta ilisikika. Jua lilikuwa karibu kuzama. Asubuhi yake Nuh alifungua macho, akaomba maziwa.

Siku hiyo Siyad na Fartun walirudisha betri ya Alio, kila mmoja ameshika upande wake. 

"Mtoto kucheza si ajabu," Siyad alisema njiani. "Hata kuvunja amri yangu ningekusamehe. Lakini jana niliapa kwa jina la Mungu. Unadhani niliipima betri? Niliapa juu ya neno lako. Ukisema uongo, abti, husemi peke yako. Wanaokuamini wanausema pamoja nawe, na hawajui. Ukikosa, sema mapema, kosa likiwa bado linabebeka. Jana tulichelewa saa mbili. Zingekuwa tatu, leo tungekuwa makaburini."

Machozi yalimshuka Fartun. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye betri, hakuweza kuyafuta.

"Mama yako hajui bado," Siyad aliongeza. "Mimi sitamwambia."

Walipomaliza, Fartun alikwenda moja kwa moja zahanati. Mama alikuwa akimnywesha Nuh kwa kijiko.

"Hooyo," Fartun aliita, "mama, nina jambo la kukuambia."